Mchoraji wa madukani Mji Mkongwe atapataje kazi inayojulikana kuwa ni yake?

Mkaazi wa Wete
Assalaam alaykum. Mchoraji anauza picha za mtindo wa Tingatinga madukani, mkono wake mzuri, lakini ukizichanganya picha zake na za wenziwe hujui ipi yake. Aanzie wapi, bila ya kuacha kinachomlisha?

Bi Hurumzi
Waalaykum salaam ndugu yangu. Asitafute mtindo, atafute jambo. Achague kitu kimoja anachokijua ndani nje: uanikaji wa karafuu, mwani wa Paje, foleni ya maji mtaani. Milango aiache, imechorwa na kila mtu. Afanye picha 12 za jambo hilo hilo, zote sm 40 kwa 50, kwa rangi tatu na nyeupe tu. Zile nne za mwanzo zitafanana na za dukani kwa sababu mkono umeshakariri. Akiishiwa na alivyokariri ndipo jicho huanza kutazama. Wengi huharibikiwa hapo: wakifika ya tatu wanachoka, wanabadilisha mada.

Mtazameni mchoraji Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar 1954 na kulelewa Uingereza. Hakuishia kuchora mwanamke aliyejifunga kanga. Aliuchukua mpangilio wenyewe wa kanga, picha na maneno pamoja. Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, aliipata 2017, ana miaka 63.

Za dukani aendelee nazo, kwa siku nyingine na saini nyingine.

Fundi Fremu
Nakubaliana na dada, ila vifaa navyo vitazamwe. Rangi ya kung'aa ya makopo ilianza na Edward Tingatinga mwenyewe, mwanzilishi wa mtindo huo, juu ya hadibodi, na hapo inakaa. Juu ya kitambaa hukakamaa. Mtalii akikikunja inapasuka. Kwenye kitambaa cha amerikani atumie akriliki, rangi inayochanganywa na maji: akifue kwanza kitoe wanga, akiwambe kuanzia katikati ya kila upande, apake praima, yaani rangi ya msingi, mara mbili na msasa laini baina yake. Rangi nyeupe ya ukutani si praima, hufanya unga na picha hubanduka. Masika asiegemeze picha kwenye ukuta wa mawe na chokaa, unavuta unyevu. Aache sm 5 hewa ipite. Za kusafiri zivingirishwe rangi ikiwa nje, kwenye bomba pana la plastiki.

Mkaazi wa Wete
Ahsanteni sana. Na bei?

Bi Hurumzi
Ajumlishe urefu na upana, azidishe kwa kiwango kimoja. Tuseme shilingi 1,500 kwa kila sentimita: 40 na 50 ni 90, basi 135,000. Akipiga kwa eneo, ndogo zitakuwa za bure na kubwa hazishikiki. Bei iwe moja nyumbani na dukani. Duka likichukua nusu, hiyo nusu itoke humo humo. Mali kauli asiitoe bila ya karatasi yenye saini mbili: orodha ya picha, bei, fungu la kila mmoja, siku 90, na nani analipa ikiharibika. Kila picha aipige kwa kamera kabla haijatoka, kivulini, bila ya flashi, kamera sambamba nayo, aandike jina, mwaka, vifaa na vipimo. Ikishanunuliwa hairudi, na akiombwa picha 10 za kuonesha hatakuwa nazo.