Ukumbi umetunyang'anya Jumamosi yetu siku mbili kabla ya onyesho, na pesa hawarudishi

Wadau, nimevumilia wiki mbili. Imetosha.

Sisi ni kikundi cha waigizaji kumi na mmoja. Tunaigiza tamthilia teule ya Kiswahili kwa wanafunzi wa kidato cha nne, na kazi hiyo ndiyo inayotulipia kodi ya nyumba. Tulilipia ukumbi mmoja hapa katikati ya jiji la Nairobi Sh85,000, pesa yote, risiti ninayo. Jina silitaji kwa sasa maana bado wameshikilia hela zetu. Alhamisi jioni, tukiwa mazoezini, simu ikaingia: Jumamosi haipo tena, kuna kampuni inazindua bidhaa. Pole hatukupewa. Tukaambiwa tusome mkataba, kifungu cha tisa. Nimekisoma. Wao wanaweza kubadilisha tarehe wakati wowote. Sisi tukiahirisha, nusu ya pesa imeenda.

Shule zilikuwa nane. Sita tuliwapata walimu wake kwa simu, mbili hatukuwapata. Basi la moja lilitoka Kitui alfajiri, giza bado. Wasichana wakakaa ukingoni mwa barabara na masweta yao wakila mkate mkavu, huku geti likifunguliwa magari ya wageni wa kampuni. Mwalimu wao akaniuliza, "Sasa ndugu yangu, wazazi waliochanga nitawaambia nini?" Nilikosa la kumjibu, na mpaka leo sina.

Na mlango wetu! Seti yetu yote ni mlango mmoja wa mbao tuliotengenezewa Gikomba, rangi ya buluu. Tuliupeleka kwa mkokoteni Jumatano na wakaupokea wenyewe. Jumamosi niliukuta umeegemezwa ukutani nje, umenyeshewa usiku kucha, mbao zimevimba, bawaba moja imeng'oka. Fundi anasema haufai tena.

Msiniambie nitafute ukumbi mwingine. Upi? Phoenix pale Parliament Road, uliolea waigizaji tangu miaka ya 1980, ulishafungwa. Kumbi zenye jukwaa la kweli, taa na vyumba vya kuvalia maleba mjini ni za kuhesabu, ndiyo maana wenye nazo wanatufanya wapendavyo.

Hili si jipya pia. Mwaka 1976 mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ulipoingia Kenya National Theatre, ulibanwa kwenye siku chache kwa sababu ya maonyesho ya kigeni. Karibu miaka hamsini imepita na mwigizaji wa Kenya bado ndiye wa kwanza kuambiwa asogee. Inaniuma sana.

Tunachodai: Sh85,000 zetu, nauli ya zile shule mbili, na gharama ya mlango. Wanatuambia tungoje "utaratibu wa uhasibu". Siku ya kulipa walikuwa wanapiga simu kila saa.

Jumatatu naenda Milimani, Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni na huhitaji wakili. Kama kuna kikundi kingine kilichofanyiwa hivi na bado kina risiti na jumbe za simu, niandikieni kabla ya Jumapili jioni, twende pamoja.