Kiwanda kidogo kishirikiane vipi na chuo kikuu bila utafiti kuishia kabatini?

Mkamuaji wa Singida

Wanajamvi, nawasalimu. Ninaendesha kiwanda kidogo cha kukamua alizeti mkoani Singida, chenye mashine mbili za kukamulia na moja ya kuchujia. Shida yangu hujirudia kila mwaka kati ya Juni na Agosti: mafuta yanatoka kwenye chujio yakiwa maangavu, lakini yakilala usiku mmoja kwenye baridi yanaingia ukungu, na baada ya juma moja kunatuama utando mweupe chini ya dumu. Mteja wa Dar es Salaam akiliona dumu hilo ananipigia simu kuniuliza nimechanganya na nini.

Miaka mitatu iliyopita nilikwenda kueleza jambo hili katika chuo kikuu kimoja ambacho sitakitaja. Nilipokelewa vizuri, tukatia saini hati ya makubaliano, tukapiga picha, na mwanafunzi wa shahada ya uzamili akaja kukaa kiwandani wiki sita akichukua sampuli. Baada ya hapo kukawa kimya. Mwaka uliofuata niliambiwa kwamba tasnifu imekamilika na ipo maktaba. Nilipoipata nilikuta zaidi ya kurasa mia moja za Kiingereza zinazochambua tindikali za mafuta kwa undani wa kupendeza, ila ukungu wa dumu langu haukutajwa popote.

Sasa chuo kingine kimenialika kushirikiana nacho, na katika rasimu waliyonitumia kuna kifungu kinachosema matokeo yote yatakuwa mali ya chuo. Naomba wenye uzoefu mnisaidie: mtu wa kiwanda kidogo anaingiaje katika ushirikiano wa namna hii akatoka na kitu mkononi?

Mhadhiri wa Sayansi ya Chakula

Ndugu Mkamuaji, pole. Nianze na dumu kabla ya hati. Ganda la alizeti lina nta, na mbegu ikikamuliwa na maganda yake, sehemu ya nta hiyo huingia katika mafuta, ambamo hubaki imeyeyuka wakati wa joto na kuganda wakati wa baridi. Liweke dumu moja juani mpaka lipate moto: ukungu ukitoweka, shida yako ni nta; utelezi ukibaki chini, hizo ni gamu (vitu vyenye kunata vitokavyo kwenye mbegu), ambazo hujitenga mafuta yanapokutana na unyevu, na dawa yake ni nyingine. Kisha chukua mafuta ya siku hiyo, yalaze kwenye friji usiku kucha, yachuje kwa kitambaa kizito yakiwa bado ya baridi, na uyarudishe kwenye friji. Yakibaki maangavu, umekwisha kuona njia: kukoboa sehemu ya maganda kabla ya kukamua, au kuyapoza mafuta taratibu na kuyachuja kwa baridi, kama viwanda vikubwa vinavyofanya.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu linaonyesha mahali mlipokosana na wenzetu. Shida yako haikuhitaji utafiti; ilihitaji mtu anayeijua akae nawe siku mbili na alipwe ujira wake. Mwanafunzi wa uzamili hawezi kuandika tasnifu juu ya jambo ambalo tayari limo katika vitabu vya kiada, kwa hiyo msimamizi wake alimtafutia swali jipya, na swali jipya halikuwa lako. Wala hakukuwa na hila, maana mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala alizochapisha, na dumu lililoacha kuingia ukungu halihesabiki popote. Ushauri wangu ni kwamba ukiombe chuo huduma ya kitaalamu pale jibu linapojulikana, kwa mkataba mfupi wenye bei na tarehe, na utafiti wa pamoja uuweke kwa yale ambayo hakuna anayeyajua, mathalani namna ya kukoboa alizeti kwa mashine ya bei ambayo kiwanda cha ukubwa wako kinaweza kuimudu. Hapo ndipo mwanafunzi anafaa, na hapo ndipo wewe uwe na sauti katika kuchagua swali.

Msambazaji wa Pembejeo, Tanga

Nakubaliana na Mhadhiri, ingawa amemaliza mapema: hata jibu likipatikana, safari ya kulifikisha sokoni ni ndefu. Mimi nauza mifuko ya PICS ya kuhifadhia nafaka. Chanzo chake ni watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, waliofanya kazi na wakulima wa kunde nchini Kamerun mwishoni mwa miaka ya 1980. Ukiutazama mfuko utadhani ni jambo dogo: mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba cha kawaida, kila mmoja ukifungwa peke yake. Wadudu waliomo wanamaliza oksijeni, wanaacha kula, wanakauka na kufa, na mkulima hatumii dawa yoyote.

Lakini plastiki hiyo inatakiwa iwe na unene wa kutosha, na mwenye kiwanda hana sababu ya kusimamisha mitambo yake atengeneze kitu ambacho hajui kama kitanunuliwa. Kilichosaidia ni kwamba watu wa chuo hawakuishia maabara. Walihakikisha maonyesho yanafanyika vijijini, mifuko inafungwa mbele ya watu na kufunguliwa mbele ya watu hao hao miezi kadhaa baadaye. Nimewahi kusimama katika ufunguzi wa namna hiyo: mahindi ya kiroba cha kawaida yalitoka na unga unaopeperuka, ya mfuko wa PICS yalitoka mazima, na mzee mmoja akatia punje mdomoni aisikie inavyovunjika kabla ya kuuliza bei. Leo mifuko hiyo inatengenezwa hapa hapa Tanga. Kwa hiyo, Ndugu Mkamuaji, waulize wenyeji wako watakuwa wapi siku mteja wa kwanza anapofungua dumu.

Wakili wa Arusha

Nizungumzie kifungu kile. Chuo kudai umiliki si ajabu wala si dhuluma. Marekani, sheria ya mwaka 1980 iliruhusu vyuo kumiliki hataza, yaani haki za kisheria juu ya uvumbuzi, za utafiti uliogharimiwa na serikali kuu, na hataza ya mbinu ya kupanga kurasa za mtandaoni ambayo Google ilianzia kwayo ilikuwa mali ya Chuo Kikuu cha Stanford. Kampuni ilipewa leseni, chuo kikapewa hisa, na mwaka 2005 hisa hizo zilikuwa zimeuzwa kwa takriban dola milioni 336. Kinachokuhusu wewe zaidi ni haki ya kutumia. Acha chuo kimiliki, mradi mkataba useme kwamba kiwanda chako kitatumia matokeo bila malipo, kwamba mshindani wako hatapewa leseni kwa muda mtakaokubaliana, na kwamba yale uliyokuja nayo, yaani mashine, vipimo na orodha ya wateja, yanabaki yako. Dai pia uonyeshwe makala kabla ya kuchapishwa, kwa sababu uvumbuzi ukishatangazwa hadharani, kuusajili hataza BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, huwa kugumu.

Njia nyingine ni ya Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela hapa Arusha, ambaye aliunda chujio la maji linalotumia mchanga na chembe za nano, yaani chembe ndogo mno, akaanzisha kampuni yake mwenyewe ya kulisambaza, na mwaka 2015 akapata tuzo ya uhandisi barani Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Mhadhiri na mfanyabiashara walikuwa mtu mmoja, kwa hiyo hapakuwa na wa kumsubiri mwenzake. Ni njia nzuri, ila haiwezi kuwa ya kila mtu. Wahadhiri wengi ninaowafahamu wangefilisi kibanda cha maandazi kwa mwezi mmoja.

Mkamuaji wa Singida

Nawashukuru nyote, na Mhadhiri namwomba radhi kwa niaba ya kibanda cha maandazi. Dumu nililiweka juani jana saa nne asubuhi. Kufikia saa nane mchana ukungu ulikuwa umetoweka wote na chini hakukubaki kitu. Chupa ya pili imelala kwenye friji ya jirani. Rasimu nimeirudisha chuoni nikiwa nimeongeza kifungu cha haki ya kutumia, na nimewaomba tutenganishe kazi ya kuondoa nta, ambayo nitailipia, na utafiti wa mashine ya kukoboa. Mhadhiri, kitambaa hicho kizito kiwe cha aina gani? Cha turubai ninacho, lakini naogopa kitanyonya mafuta yote.

Mhadhiri wa Sayansi ya Chakula

Turubai itakunyima mafuta. Tumia pamba nene iliyofuliwa bila sabuni, ikunje mara mbili, na uyaache yadondoke yenyewe humo humo kwenye friji. Ukiyakamua kwa mkono, nta itapita.