Tupeane uzoefu: Siku yako ya Nyari, Marafa, ilikuwaje?

Wadau, naanza na aibu yangu. Nimezaliwa Malindi, na Nyari, lile korongo la Marafa, sikuwahi kufika mpaka wageni wa bara waliponiuliza. Tukatoka saa tano, tukavuka daraja la Sabaki, tukapita Mambrui, tukakata kwenda Marafa. Saa saba tuko chini korongoni. Jamani! Jua la utosi, na kuta zenyewe zinakurudishia joto usoni. Chupa moja ya maji, watu wanne. Mgeni mmoja kavaa malapa, mchanga ukaingia ukamchoma hadi akajifunga leso ya mkewe miguuni. Rangi za kuta zinazosifiwa sikuziona, nilikuwa natafuta kivuli. Nani mwingine?

*Bodaboda wa Gongoni:* Saa saba?! Pole ndugu. Mteja wangu akitaka kwenda mchana, namteremsha kwanza Mambrui tunywe madafu. Fika saa kumi, shuka taratibu, kisha uwe juu ukingoni kabla jua halijazama. Ile nyekundu inawaka kama makaa ya seredani.

*Mie wa Lamu:* Sisi tumezoea vilima vya mchanga vya Shela, nikajua nakwenda kuona vile vile. Kumbe minara ya udongo! Nikadhani ni mawe, nikashika mmoja, ukamumunyika mkononi kama kashata. Kijana aliyetutembeza alinigombeza mbele ya watoto wangu. Alikuwa na haki. Akatuonyesha njia waliyokuwa wakishukia zamani. Mvua za masika zimeichukua yote, sasa ni shimo.

*Mwenyeji wa Marafa:* Kwa Kigiriama Nyari ni mahali palipovunjika penyewe. Hawe, yaani nyanya yangu, alitusimulia kwamba paliishi ukoo tajiri wa ng'ombe, wakioga maziwa huku jirani wanalala njaa, na usiku mmoja ardhi ikawameza. Nyeupe ni maziwa, nyekundu damu. Baba yeye husema ni maji ya mvua na udongo laini tu, lakini hata yeye hapeleki mbuzi wake karibu na kule. Na tafadhali lipeni kiingilio, msipitie vichochoroni kwa ujanja wa mjini.

*Mwanzisha mada:* Nimeelewa. Jumamosi narudi nao, tunatoka saa nane. Bodaboda, kutoka Gongoni ni bei gani?

*Bodaboda wa Gongoni:* Mko wangapi? Na yule wa malapa mwambie avae viatu.