Mimea ya kutambaa barazani: gumzo la kikundi cha majirani

Mama Zawadi: Jamani, habari za jioni. Shikamoo Mzee Salim. Baraza yetu inapigwa na jua kuanzia saa sita mchana mpaka linazama. Tunataka mmea wa kutambaa utupe kivuli. Chini kote ni sakafu, kwa hiyo ni chungu tu. Tupande nini?

Mzee Salim: Marahaba mama. Kabla ya kutaja jina, tazama mmea unapandaje. Mpasheni, ule wa matunda ya pasheni, hushika kwa vijikamba vyembamba, na hivyo haviwezi kuzunguka nguzo nene. Unataka waya au kamba. Aivi, mmea wa kupanda kuta, ina vijizizi vinavyoganda ukutani, ukiibandua inaondoka na rangi. Bogenvilia haishiki kitu, inaegemea tu kwa miiba, kwa hiyo lazima uifunge mwenyewe.

Dada Rehema: Na jua hilo la mchana aivi itaungua. Zimebaki mpasheni na bogenvilia.

Mama Zawadi: Naweza kuviweka vyote viwili kwenye chungu kimoja kikubwa?

Mzee Salim: Hapana mama. Mpasheni una mizizi ya juujuu, udongo ukikauka unaangusha maua na matunda machanga. Bogenvilia inataka udongo ukauke kidogo kabla ya kumwagiliwa tena. Ukimridhisha mmoja, mwingine unaumia.

Kaka Musa: Mpasheni wa matunda ya njano una jambo jingine. Ua halijichavushi, linahitaji chavua (ungaunga wa ua) ya mche mwingine. Vipandikizi viwili vya mmea mama mmoja havisaidii, ni mmea uleule. Panda miche miwili ya mbegu. Maua hayo hufunguka kama saa sita mchana na kufunga jioni. Nyuki wasipofika, chukua brashi laini, pakaza chavua ya mche huu kwenye ncha tatu zilizo juu kabisa ya ua la mche ule.

Mama Zawadi: Duh, hiyo kazi. Bogenvilia basi. Ila ya jirani ina majani tele, ua hata moja hakuna 🤔

Dada Rehema: Hiyo imeshiba mno. Sababu ni tatu: maji kila siku, mbolea yenye naitrojeni nyingi (samadi ya kuku mara kwa mara ni hiyohiyo), au jua lisilotimia muda wa saa 6 kwa siku. Acha sentimita 5 za juu zikauke ndipo umwagilie, maji yatoke chini. Maua huja kwenye matawi mapya, kwa hiyo pogoa yakishapukutika. Ukikatakata ncha kila wiki unaondoa maua yenyewe.

Kaka Musa: Chungu cha sentimita 40, kina mashimo. Udongo makopo 2, mboji 1, mchanga wa mto 1. Wa baharini usitumie, una chumvi. Na tafadhali, msijaze kokoto chini! Maji hayashuki upesi kwa sababu yake, yanakaa kwenye udongo ulio juu ya kokoto, na mizizi inaozea hapohapo. Kipande cha wavu juu ya tundu kinatosha.

Mzee Salim: Fremu ya waya ya kubebea mmea isigusane na ukuta, acha sentimita 5 hadi 10 hewa ipite. Funga kwa utepe wa kitambaa, umbo la nane: duara moja kwenye shina, jingine kwenye waya, pabaki nafasi ya kidole kupita. Waya mtupu usifunge. Shina likinenepa unazama kwenye ganda na tawi lote juu yake linakauka. Kagua kila baada ya miezi 3. Na matawi ya miiba yapitishe juu kuliko vichwa vya watoto, yasiwaguse.

Mama Zawadi: Na wadudu?

Dada Rehema: Ukuta wa joto na vumbi unaleta utitiri mwekundu, vidudu vidogo kama chembe za vumbi. Jani likianza vidoadoa vya njano, ligonge juu ya karatasi nyeupe. Vumbi likitembea, ndio hao. Osha majani upande wa chini kwa maji ya nguvu, rudia kila siku 3 mara kadhaa, maana mayai yanabaki.

Mama Zawadi: Asanteni sana. Mche uko kwenye mfuko wa plastiki, niung'oe tu?

Mzee Salim: Usivute shina hata kidogo! Mizizi yake ni laini, bonge la udongo likivunjika mmea unanyauka. Mwagilia leo, kesho jioni chana mfuko kwa wembe pembeni na chini, shika bonge kwa mikono miwili, shusha. Udongo wa juu ubaki usawa uleule uliokuwa kwenye mfuko.