Dada wa kazi kamfunga mwanangu mwenye usonji kwa kanga. Nimfukuze?

Mama J
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Nina mtoto wa kiume, miaka 4 kasoro miezi miwili. Tulidhani kiziwi, maana ukimwita hageuki, ila ukichana pakiti ya biskuti chumba cha pili anakuja mbio. Muhimbili wakapima masikio, mazima. Baada ya kliniki kadhaa tukaambiwa ni usonji (autism), hali ya ubongo inayogusa kuongea na kuhusiana na watu. Hajawahi kuniita mama. Lakini anasema "Mbagala Rangi Tatu, Rangi Tatu, twende mama!" kwa sauti ile ile ya konda, hata mara 40 kwa siku. Hilo "mama" la konda ndilo ninalojihesabia.

Shida yangu ni kutoroka. Mlango ukisahaulika kidogo tu, hayupo. Mwezi uliopita alikutwa nyumba ya nne kutoka kwetu, kainamia pipa la maji, miguu haigusi chini. Mzee mmoja ndiye aliyemdaka kaptula. Mimi nauza vitambaa Kariakoo, natoka alfajiri narudi saa 1 usiku. Baba yake dereva wa lori, muda mwingi yuko njia ya Tunduma. Mtoto anabaki na dada wa kazi, binti wa miaka 19.

Jumanne biashara ilikuwa mbaya, nikawahi kurudi. Namkuta J kafungwa kanga kiunoni, ncha ya pili kwenye mguu wa kitanda. Halii. Anazungusha panga za feni iliyozimwa kwa kidole. Dada yuko uani anafua. Nilimzaba kofi. Akaniambia, "Mama, Jumapili kanisani si unamfunga mgongoni kwa kanga hii hii?" Nikakosa jibu.

Nimwondoe? Na mliopitia haya, mlifanyaje mtoto asitoroke?

Mkaanga Samaki
Fukuza leo leo. Anayefunga mtoto leo, kesho atamchoma.

Bint Pangani
Pole shoga. Huyo apelekwe akasomewe. Na mziangalie hizi chanjo, mtoto wa jirani yangu alikuwa anaongea vizuri tu, kachomwa sindano, kimya mpaka leo.

Nesi wa Zamu
Bint Pangani, dua asomewe, haigombani na kliniki. La chanjo liache. Uvumi huo ulipata nguvu na makala ya daktari Andrew Wakefield, Uingereza 1998, aliyochunguza watoto 12 tu. Jarida la Lancet lililoichapisha likaifuta 2010, na yeye akafutiwa usajili wa udaktari mwaka huo huo. Dalili nyingi huanza kuonekana mtoto akiwa kwenye mwaka wa pili, na sindano ya pili ya surua na rubella hapa kwetu ni miezi 18, ndiyo maana watu wanaunganisha. Kweli wapo wanaopoteza maneno waliyokuwa nayo. Sindano haihusiki.

Mama J, mimi cha kanga hakijanishtua kama cha pipa. Hawa watoto wengi wanavutwa na maji, na kuzama ni moja ya vitu vinavyowaua sana. Funika mapipa, mwaga ndoo, ongea na majirani wafunike ya kwao.

Halafu hiyo "twende mama" usiidharau. Kurudia maneno aliyoyasikia ndiyo kuongea kwake kwa sasa. Huwa anaisema akiwa wapi?

Mama J
Nesi umenikamata. Sijawahi kujiuliza. Huwa kasimama mlangoni.

Baba Watatu
Ndiyo hapo sasa. Mtoto anaaga, nyie hamsikii.

Wangu ana miaka 11. Komeo weka juu kabisa ya mlango, asipofikia hata akipanda kiti. Funga na njuga, ukiguswa mlango zinalia. Vijana wa bodaboda kijiweni waonyeshe sura yake, wale ndio walinzi wako. Namba ya simu usimvalishe shingoni, atakata. Iandike ndani ya fulana. Na mtoe nje kila siku saa ile ile, kabla hajajitoa mwenyewe. Hilo la mwisho lilitusaidia kuliko makomeo yote. Shule usichelewe kuulizia, Msimbazi Mseto pale Ilala wana kitengo cha usonji.

Niliyekuwa Dada
Nimefanya kazi za ndani Tabata, mtoto kama huyu, 70,000 kwa mwezi. Bosi aliniambia "ni mtundu kidogo", basi. Nilipika, nilifua, nilimkimbiza lami bila viatu. Kliniki walikwenda wao, mimi ninayeshinda naye sikuwahi kuambiwa hata jina la tatizo. Sikumfunga kanga, nilimfungia chumbani nikakaa nje ya mlango nalia.

Mama J, ukimfukuza utaletewa mwingine asiyejua chochote. Muombe radhi kwa lile kofi. Kliniki ijayo nenda naye. Na nguo fua mwenyewe Jumapili, hakuna anayeweza kufua na kumlinda huyo mtoto kwa wakati mmoja.

Mkaanga Samaki
Mimi bado siafiki kufunga mtoto. Ila hilo la kufua nimelielewa.

Mama J
Mrejesho, wiki ya tatu. Komeo limewekwa, mapipa yana mifuniko. Dada nilimuomba radhi, hakusema kitu, akaendelea kumenya viazi. Jioni yake ndiyo akaniuliza kliniki ni lini. Tulikwenda wote, akauliza maswali kunizidi.

Sasa kila saa 10 jioni J akisimama mlangoni na "twende mama" yake, dada anamjibu "twende", wanatoka hadi kituoni kutazama magari. Jana niliwahi. Nateremka Rangi Tatu, nawaona wameshikana mikono, kanga iko begani kwa dada, J anaita abiria. Konda wa gari niliyoshuka akamjibu, "Twende mama!" J hakumtazama. Akarudia.