Yule wa duka la dawa kanivua nguo mbele ya shemeji

Wakuu naandika huku natetemeka. Yule jamaa wa koti jeupe pale Mwanga, mnamjua, simtaji.

Jana usiku nimepiga ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese, nikalala papo hapo, saa nane kiungulia kimepanda mpaka masikioni. Asubuhi naenda kwa adabu zangu, namuuliza kaka, kati ya omeprazo na magnesiamu za kutafuna ipi nzuri? Basi, hilo tu. Nyuma yangu foleni, na shemeji yumo. Jamaa akaniangalia tumbo, akapaza sauti kama anaita abiria wa Kasulu: MZEE KWANI ULIKULA NA SUFURIA?

Foleni nzima chini. Kuna mtoto kaletwa na homa, kacheka homa ikashuka. Shemeji kajifanya anasoma bango la uzazi wa mpango.

Kanitupia omeprazo, nimemeza pale pale, nusu saa nzima moto ule ule. Kaniuzia chaki? Ila hata hiyo namsamehe. Sufuria wakuu. Mimi!

Bi_Mawese: Pole mkuu, ila hujajibu swali. Ulikula nayo au hukula nayo? 😂😂

Mkavu_wa_Kibirizi: Siyo chaki we mzee. Omeprazo haizimi moto ulioshawaka, inazuia tumbo lisitengeneze asidi, unameza nusu saa kabla ya kula na inaweza kuchukua siku moja mpaka nne ndo uione kazi yake. Magnesiamu unatafuna inaua asidi iliyopo dakika hizo hizo, ila haikai. Na ukizifakamia utahamia chooni.

Mleta uzi: Sasa si angesema hivyo?? Kasema sufuria!

Fundi_Redio: Afadhali uhamie chooni, mie nilipata zile za alumini nikafunga siku tatu, nikawa nakitazama choo kama picha ya marehemu.

Mama_Wawili: Na kama unameza doksi, ile antibayotiki ya doksisaiklini, usichanganye na hizo za kutafuna, zinaishika haifanyi kazi, pishanisha masaa. Ukiona choo cheusi achana na duka, nenda hospitali.

Mwana_Ujiji: Mie nalilia ranitidini yangu ya kiungulia. Marekani wametaka itolewe sokoni 2020 kisa uchafu wa NDMA, kemikali inayoshukiwa kuleta saratani, tangu hapo naulizia famotidini badala yake naambiwa njoo kesho. Kesho ya mwaka gani?

Bi_Mawese: Duka hilo hilo nimedai chenji mia mbili nikapewa pipi. Pipi! Duka la dawa!

Fundi_Redio: Bora wewe pipi, mie boda wa stendi kaondoka na elfu tano yangu eti anaenda kuchenji, mpaka leo anachenji.

Mleta uzi: Jamani huu uzi ni wa sufuria

Mwana_Ujiji: Bi Mawese, kwani dumu la lita tano unauzaje saa hizi?

Bi_Mawese: Njoo inbox. Chenji ninayo.