Kiwanja cha ndege cha mkoani kupewa mwekezaji binafsi: hesabu inakubali?

Mwana_Arua:
Wakuu, hapa Uganda tuna Sheria ya Ubia kati ya Serikali na Sekta Binafsi ya 2015. Kwa nini viwanja vya mikoani kama Arua na Kasese visipewe mwekezaji avijenge upya, kama uwanja wa kimataifa wa Entebbe?

Mhasibu_Kampala:
Ndugu, Entebbe haikujengwa na mwekezaji. Ule ni mkopo wa dola milioni 200 ambao serikali ilikopa benki ya Exim ya China mwaka 2015, na deni ni la serikali, abiria wawe wengi au wachache.

Mwekezaji hurudisha fedha zake kupitia ada ya abiria, kodi ya pango la maduka na maegesho. Chukua mfano: jengo la abiria la dola milioni 30, riba asilimia 12, miaka 20. Marejesho ni kama dola milioni 4 kwa mwaka. Wakipita abiria milioni 1, kila mmoja anabeba dola 4. Wakiwa 100,000, ni dola 40 kwa kichwa, na umeme na zimamoto bado. Abiria wa Arua atapanda basi la usiku.

Kwa hiyo gawanyeni: njia ya kurukia na mnara wa kuongozea ndege vibaki serikalini, mwekezaji apewe jengo. Na kipengele cha kumhakikishia idadi ya abiria kikataliwe kabisa. Idadi ikishuka, hazina ndiyo inayofidia.

Fundi_Lami:
Na hiyo njia ya kurukia isichukuliwe kirahisi. Mita 2,500 kwa 45, tabaka jipya la sentimita 10, ni karibu tani 27,000 za lami. Kwanza toboeni sampuli hadi kwenye marram (changarawe ya msingi). Msingi ukiwa umelowa, lami mpya itapasuka palepale ilipopasuka ya zamani. Anzeni na mitaro.

Uso ukipanda sentimita 10, mabega ya pembeni yapandishwe na taa za kingoni ziinuliwe pia, la sivyo ukingo unakuwa ngazi ya kupasua tairi. Kazi ikifanywa usiku, kila zamu iishie na mteremko wa muda usiozidi asilimia 0.5, ndege za asubuhi zitue salama.

Mwana_Arua:
Asanteni. Na mwekezaji akija mwenyewe na pendekezo lake?

Mhasibu_Kampala:
Lishindanishwe hadharani. Pendekezo la kampuni ya Adani ya India la miaka 30 kwa uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, lilifikishwa mahakamani, kisha Rais Ruto akalifuta Novemba 2024. Pia andikeni kwamba miaka 3 kabla ya mkataba kuisha jengo likaguliwe, na sehemu ya mapato izuiwe mpaka matengenezo yakamilike. Bila hivyo mtarudishiwa paa linalovuja na mashine za mizigo zilizokufa.